Mhitimu Mmoja Mwenye Kazi

Mkoa ulikuwa umechoka na vijana wenye diploma na mikono mitupu, basi ukaunda tume. Tume ikatoa amri yake: kila idara ya chuo cha serikali ilete mhitimu mmoja, mmoja tu, mwenye kazi inayolingana na alichosomea. Idara itakayomkosa itafungwa, na madarasa yake yatapewa watu wa madini, kwa sababu mkoa unahitaji wachimbaji wenye akili kuliko wasimulizi wa wafalme waliokufa.

Profesa Apollinaire, mkuu wa idara ya historia, alijikuna kichwa mpaka akachoka. Wahitimu wake walikuwa wanauza mitumba sokoni Kadutu, wanaendesha pikipiki, au wamekaa tu nyumbani kwa wazazi. Mfa maji haachi kutapatapa. Akampigia simu Gentil, aliyekuwa bora kuliko wote katika mwaka wake, na ambaye sasa aliuza vipuri vya pikipiki Kamituga, dukani kwa mzee Aloys.

«Gentil, mutoto yangu, kuya Bukavu. Shemeji yangu iko na depo ya simenti. Atakupa badge: archiviste, mutunza hati. Utasimama mbele ya tume, utasema unafanya kazi pale. Idara ikipona, ile fasi ya assistant njo yako.»

«Na kazi yangu ya huku, Prof?»

«Kuuza mabuji ya pikipiki, hiyo njo kazi?»

Neno hilo lilimchoma. Tangu alipomaliza chuo, Gentil alitaka kitu kimoja tu duniani: kusimama mbele ya darasa, aitwe assistant. Duka la Aloys lilimlisha, lakini alilionea haya. Alipoaga, Aloys hakumzuia. Alimwambia tu, «Ukienda, fasi yako haitakungojea. Batu ba kutafuta kazi iko mingi.» Gentil akapanda pikipiki akaondoka na tope la Kamituga viatuni, akijiona tayari ameshika chaki.

Sasa, Bukavu mtu mwenye badge haivui ovyo. Ataivaa sokoni, ataivaa kwenye matanga, na akipiga magoti kupokea ekaristi, itaning'inia mbele ya padri. Profesa alilijua hilo vizuri. Akamwamuru Gentil aivae kwenye misa ya Jumapili, ili tume ikija kuulizia mtaani, mtaa wenyewe ujibu. Na mtaa ulijibu! Wanawake waliokuwa wakimpita mama yake kama jiwe la njiani sasa walisimama kumsalimu. Gentil naye, tusimfiche, alifurahi. Alinunua hata kamba mpya ya kuitundikia.

Mbele ya tume alizungumza vizuri mno. Mwenyekiti, Maman Adélaïde, alimuuliza historia inamsaidia nini kwenye simenti. Gentil akaeleza jinsi anavyopanga hati za malori kwa utaratibu uleule aliofundishwa kupanga hati za machifu, na jinsi dereva mwongo anavyonaswa kwa kulinganisha shahidi na shahidi. Hakuna lori hata moja alilowahi kuliandikia hati. Tume ikapiga makofi, idara ya historia ikapona, na Profesa akatoa kitambaa akafuta machozi.

Nafasi ya assistant ilipotangazwa, Gentil alikwenda ofisini kwa Profesa akiwa amenyoa ndevu. Hakukaribishwa kiti.

«Ile fasi, sasa tume njo inaamua,» Profesa alisema. «Wanataka tuipe muhitimu mwenye hana kazi. Na weye uko na kazi.»

«Prof! Unajua kama hakuna kazi pale.»

«Miye najua. Tume haijue. Unataka niende kubaambia tulibadanganya? Idara ifungwe leo?»

Nafasi akapewa Parfait, mpwa wake Profesa, kijana aliyefaulu kwa kusukumwa. Na kweli Parfait hakuwa na kazi. Hapo hakuna aliyedanganya. Gentil alipofika mlangoni, Profesa alimwita tena, kwa upole wa baba mzazi. «Na ile badge, usiivue. Tume itarudi kila mwaka.»

Alimpigia simu Aloys akiwa kwenye mteremko wa Nyawera. Mtu mwingine alishashika duka. Gentil alilia pale pale, mwanamume mzima, watu wakimpita na kumwamkia kwa heshima, kwa kuwa walimwona ana badge. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Labda, lakini Gentil hakuuona mwisho wake.

Majuma ya kuandikisha wanafunzi yalipofika, jirani yao, Maman Bintu, alibisha hodi akiwa na kuku mkononi na binti yake Carine nyuma yake. Macho ya msichana yalikuwa mekundu.

«Balimupokea ku chuo cha bauguzi,» Maman Bintu alisema, «nikamutosha kule, aende histoire. Nikamwambia, angalia tonton Gentil, alisoma histoire, leo iko mu bureau. Yeye analia tu. Mpaka Ijumaa anaweza kurudia kule, kisha banafunga. Mwambie weye, papa, maana miye hanisikii.»

Gentil alifungua mdomo. Neno moja lingetosha. Ila neno hilo lingefika kwa tume kabla ya Ijumaa, na lingefika kanisani kabla ya hapo. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni akimpokea Maman Bintu kuku, akitabasamu kama mama wa askofu. Na ndani ya kifua cha Gentil kulikuwa na jambo baya zaidi, chuki ndogo kwa msichana huyu ambaye bado alikuwa na pa kurudi.

«Tonton,» Carine akauliza kwa sauti ya chini, «kweli kazi iko?»

«Iko,» Gentil alisema. «Nani alikuambia haiko?»

Msichana akafuta macho kwa kiganja, akamwamini.