Jumamosi za Makarius

Dume wetu alikufa akiwa ameegemea nguzo ya banda, na mimi nikamkemea. Nilidhani ananizibia njia kwa ule ukaidi wake wa kila siku. "Hebu sogea, bwana wee," nikamwambia, ndoo ya maji mkononi, nikamsukuma bega. Akaanguka mzima mzima upande mmoja. Ndipo nilipoyaona macho yake. Nikaweka ndoo chini, nikakaa palepale juu ya nyasi chafu, nikalia kilio ambacho sikukilia hata siku tulipomzika Makarius, mume wangu, miezi mitano kabla yake. Majirani wa Mabwerebwere walipokuja mbio kuniuliza kuna nini, niliona haya kuwaambia kwamba ni kondoo.

Lakini hakuwa kondoo hivi hivi. Kondoo wetu si hawa wenye mikia ya mafuta wanaojaa mnadani. Wetu wana mkia mrefu, mwembamba, na sufu nyeupe inayotaka kunyolewa kabla joto la Kilosa halijawaua, na jike mmoja anakupa maziwa ya kutosha nyumba nzima. Walitoka shamba la serikali kule milimani, alikofanya kazi Makarius miaka kumi na tisa. Serikali ilipochoshwa na mashamba yake, wafanyakazi waliagwa kila mtu na chake: huyu baiskeli, yule mabati. Mume wangu akaomba majike sita na dume mmoja. Aliingia nao mjini kwa miguu, anawaswaga mchana kweupe, watu wanacheka. Siku tatu sikusema naye. Nani aliwahi kumkamua kondoo hapa Kilosa?

Baadaye nilisema naye, tena sana. Maziwa yalikuwa mazito, yakiganda unayakata kwa kisu. Masista walichukua sufu yote wakafumia masweta. Kisha watu wakaanza kuja kuuliza mbegu. Ilikuwa ile miaka ambayo kila kitu kiliruhusiwa kuuzwa, na kila aliyekuwa na mlango wa mbele alikuwa na duka. Nami nikawa mfanyabiashara, na bila kujisifu, nilikuwa hodari kuliko wengi wenye maduka.

Kanuni yangu ilikuwa moja. Jike nauza, dume nahasi. Kondoo akiwa peke yake hulia mpaka aache kula, kwa hiyo kila jike niliyemuuza nilimuuza na mwenzake wa kumliwaza, lakini mwenzake huyo alikuwa dume aliyekwisha kuhasiwa, hazai. Mnunuzi akitaka uzao wa namna ile, amlete jike wake kwangu kila msimu, kwa dume wetu, alipe. Makarius hakuipenda kanuni hiyo hata siku moja.

"Hilda, unawauzia watu nusu ya kitu," aliniambia.

"Nusu nyingine ndiyo inayotulisha," nikamjibu.

Akacheka kwa pua, kama kawaida yake alipotaka kuepuka ugomvi, akachukua koleo la kuhasia akaenda bandani. Koleo lile halimwagi damu wala haliachi kidonda. Linabana tu, na kwa siku nyingi ukimtazama mnyama huoni tofauti. Mimi nilibaki jikoni nikisikiliza. Lilipolia ko! nilijua kazi imekwisha.

Sasa niseme na hili, maana limenikaba muda mrefu. Mwaka wa mwisho wa uhai wake Makarius alianza kuwa na safari. Mara moja kwa mwezi, Jumamosi, alidandia lori la mahindi linaloelekea Mikumi. "Naenda kusalimia watu," alisema. Watu gani? Mikumi hatuna hata binamu. Alirudi jioni amechoka, ananuka jasho na moshi wa kuni, na uso umechangamka. Jamani, mwanamume wa miaka hamsini na nane anarudi nyumbani anapiga mluzi! Nilinusa shati lake. Nilipekua mifuko. Sikumuuliza kitu, kwa kiburi. Nilijiambia nitamuuliza baada ya Pasaka. Basi Jumatano moja kabla ya hiyo Pasaka alianguka jikoni, kikombe cha chai mkononi, na hakuamka tena. Watu walinisifu msibani kwamba nimejikaza. Kujikaza gani? Nilikuwa na hasira. Nilikuwa nazika mtu na mwanamke wake wa Mikumi aliyekuwa moyoni mwangu, na huyo mwanamke hata sura yake sikuijua.

Dume alipokufa nilibaki na majike wanne, na madume watatu wadogo ambao nilikuwa nimewahasi kwa mikono yangu mwenyewe, wiki mbili baada ya arobaini ya Makarius. Nilitaka kujionyesha kwamba naweza. Nilikwenda kwa bwana mifugo, akaniambia kondoo wa lile shamba wameliwa wakaisha, labda waliobaki wako nyanda za kusini, ataandika barua. Barua! Majike wangu walikuwa wanazeeka. Mwaka mmoja, miwili, na kila kitu alichokiacha yule mwanamume kingeishia kwenye sufuria ya mchuzi, na mkono uliokifikisha hapo ungekuwa wangu.

Letisia ndiye aliyenishtua. Ni mwenzangu wa jumuiya, anauza dagaa Magomeni ya hapa hapa Kilosa, na siku za mnada huzunguka hadi karibu na Mikumi.

"Hilda, kwani uliwahi kuwauzia Wasukuma dume?" aliniuliza baada ya sala.

"Dume simuuzii mtu. Unajua."

"Basi nieleze. Kwa Budeba, njia ya Mikumi, nimeona wana-kondoo wawili weupe, mikia myembamba kama ya hawa wako."

"Umeona mbuzi."

"Haya, mbuzi wenye sufu," akasema, akaondoka zake.

Budeba nilimkumbuka. Alikuja miaka miwili nyuma, kijana mrefu wa watu wa kanda ya ziwa, na mkewe aliyemwoa juzi, Kashindye, msichana mwenye meno meupe aliyekuwa akimpapasa kila kondoo shingoni. Walinunua jike mmoja, na dume aliyehasiwa wa kumliwaza. Usiku ule mawazo yalikuja mawili kwa pamoja. La kwanza: wameniibia. La pili lilikuja taratibu zaidi. Njia ya Mikumi. Jumamosi. Yule msichana mwenye meno meupe.

Nikadandia lori lilelile alilokuwa akidandia yeye.

Nilimkuta Kashindye uani anatwanga, mtoto mgongoni. Aliponiona aliacha mchi, akaja akapiga magoti kabisa, magoti yote mawili vumbini, kama desturi yao.

"Shikamoo, mama."

Nilichelewa kuitikia, jambo ambalo sijawahi kumfanyia hata mtoto mkorofi. Alibaki amepiga magoti, anasubiri, mtoto ananichungulia begani kwake. Hatimaye nikasema marahaba, maana hata hasira ina adabu yake. Lakini nilikuwa nimekwisha kuona. Nyuma yake, ndani ya uzio wa miiba, alisimama dume mweupe, kifua kipana, sufu imenyolewa vizuri, na mkia wake mwembamba ukining'inia. Hakuwa mhasiwa. Mtu yeyote mwenye macho angeona.

"Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu," nikaanza.

"Subiri kidogo, mama." Akaingia ndani, akarudi na kibuyu na kikombe, akanimiminia maziwa mpaka juu.

"Sikuja kunywa maziwa hapa."

"Kunywa kwanza," akasema, akinipa kikombe kwa mikono miwili. "Baba alisema utakuja siku moja, na ukija utakuja na hasira. Akasema nikupe maziwa kabla hujaanza kusema."

"Baba yupi?"

"Mzee wetu. Baba Makarius."

Nilikaa. Hakukuwa na kigoda karibu, nilikaa kwenye kinu alichokilaza yeye haraka chini yangu. Nikanywa. Yalikuwa maziwa yetu yaleyale, ule uzito, ule utamu unaobaki kooni.

Akanieleza akiwa amechuchumaa mbele yangu. Ile siku ya kununua, Budeba alikuwa mbele anazungumza nami, Kashindye mwenyewe alikuwa bandani na mzee. Mzee alimshika mwana-kondoo, akafungua koleo, akamtazama yule msichana kwa muda. Kisha akalifunga pembeni, hewani. Ko! Akajiwekea kidole mdomoni, kwamba anyamaze.

"Nilidhani mmekubaliana wote wawili," Kashindye akasema. "Kumbe hukujua?"

"Alikwambia kwa nini?"

"Alisema nyumba ikiwa na moto mmoja tu, siku ukizimika mtaomba kwa nani. Akasema huyu tumfuge kwa siri kidogo, kwa sababu mama ana msimamo wake na yeye hataki kumvunjia." Akacheka kwa aibu. "Alikuogopa kweli, mama."

Aliniogopa! Nilitaka kukasirika. Haki ya Mungu nilijaribu. Miaka ile yote nilikuwa jikoni nasikiliza mlio wa koleo nikijiona mwerevu, na kumbe siku ile mume wangu alibana hewa. Nilijaribu kuitafuta ile hasira yangu nzuri niliyoibeba kwenye lori kutoka Kilosa, nikaikosa. Badala yake kilinijia kicheko, kikaja na machozi ndani yake, na nilicheka mpaka mtoto mgongoni kwa mama yake akaanza kucheka naye.

"Na hizo Jumamosi?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Alikuja kumwangalia. Alitufundisha kumnyoa na kukamua, maana sisi kondoo hatukamui. Budeba alikataa kabisa, akasema watu watatucheka. Mzee akamwambia, mimi walinicheka Kilosa nzima, na mke wangu akanifungia kauli siku tatu, leo hii ndiye anayewapenda kuliko mimi. Kila alipokuja alitusimulia habari zako. Tunakujua, mama. Tunajua hupendi chai yenye tangawizi."

Nikageuza uso. Miezi mitano nilikuwa na mwanamke mwingine kitandani kwangu, na mwanamke huyo alikuwa mimi.

"Sasa dume wangu amekufa," nikasema. Maneno hayo yalitoka bila kuyapanga. "Sina mwingine. Nimekuja kukuomba."

"Kuomba nini? Mchukue. Sisi tuna mtoto wake." Alimwonyesha kwa kidevu: kidume cheupe cha miezi saba hivi, kinarukaruka kando ya mama yake. "Tena nilitaka kukuuliza. Budeba anataka kumhasi, anenepe. Mzee alisema tusimguse mpaka tukuulize wewe."

"Mwambie Budeba amwache kama alivyozaliwa," nikasema. "Na jirani yenu akitaka mbegu, mpeni."

Alinitazama kuhakikisha sitanii. Kisha akainuka, akafungua uzio, akamtoa dume kwa kamba. Alitembea vibaya. Alichechemea nyuma, anakanyaga kwa visigino, na nilipoinama nikaona kwa nini. Kwato za mbele zilikuwa nzuri, zimekua kidogo tu. Za nyuma zilikuwa zimerefuka mpaka zikajikunja.

"Mbona mmemwacha hivi?"

"Mzee alianza kuzikata mara ya mwisho alipokuja. Alimaliza za mbele, dereva wa lori akapiga honi. Akasema, Jumamosi nyingine nitakuja nimalizie za nyuma. Akaacha na kisu chake." Kashindye alichomoa kwenye paa la nyasi kitu kilichofungwa kwa kipande cha gunia, akanipa. "Budeba amesema mara nyingi amalizie yeye. Mimi nakataa. Namwambia, mzee hajawahi kutudanganya, akisema atakuja atakuja." Akanitazama usoni. "Hajambo lakini, mama? Miezi imekuwa mingi."

Nilikifungua kile kipande cha gunia. Mpini ulikuwa umelainika pale alipozoea kuweka kidole gumba.

"Nishikie kichwa," nikamwambia. "Mkumbatie shingoni, asirushe mateke."

Akamkumbatia. Nikapiga magoti nyuma ya dume, nikainua mguu wa kulia, nikauweka juu ya paja langu kama nilivyomwona Makarius akifanya mara elfu, na mimi nikiwa mlangoni na mkono kiunoni, nikimwambia aharakishe. Vidole vyangu vimekakamaa siku hizi. Nilikata taratibu, kipande kwa kipande, mpaka nikaona weupe wa ndani, nikasimama hapo ili nisifike kwenye nyama. Na nilipokuwa nakata nikamwambia. Nikamwambia ilikuwa Jumatano, asubuhi, chai ilikuwa bado ya moto. Nikamwambia hakuteseka. Nikamwambia kwamba ile Jumamosi aliyoisema ndiyo tuliyomzika, na kwamba hakuna aliyejua kuna watu huku wa kupelekewa habari.

Aliweka tu uso wake kwenye shingo ya yule mnyama, nikaona mabega yake yanatikisika na mtoto anatikisika pamoja nayo. Dume naye alitulia tuli. Nikauteremsha mguu, nikajipangusa macho kwa kiwiko, nikasogea upande wa pili.

"Mshike vizuri, mwanangu," nikasema. "Bado mmoja."