Amplifaya Iliyozimika Yenyewe

Amplifaya ilizimika yenyewe. Ndivyo Josenildo alivyomwambia shemeji yake alipoitua kwenye meza ya ufundi, saa nne asubuhi, ikiwa bado inanuka.

Josenildo alikuwa mwenye gari la matangazo la Lagoa do Umbu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameuzunguka mji huo akiwa na spika nne juu ya paa, mbili zikitazama kushoto na mbili kulia, akitangaza mitungi ya gesi, dawa ya mbu na waliofariki. Alfajiri ile alikuwa amefariki mchinjaji, Seu Adauto, na maziko yalikuwa saa kumi. Mjini pale, marehemu ambaye hajatangazwa na Josenildo alihesabiwa kuwa bado mgonjwa.

Edileuza, mdogo wa mkewe, ndiye aliyekuwa fundi pekee wa redio na spika. Aliinusa amplifaya kama mtu anayenusa nyama asiyoiamini.

"Ilizimika vipi?"

"Yenyewe tu, shemeji. Nimewasha, ikanyamaza."

"Betri hukugusa?"

"Betri? Wala."

"Maana dada kaniambia jana umenunua mpya."

Josenildo akageukia ukutani. Palikuwa na kalenda ya duka la mbolea. Akaisoma.

Edileuza alifungua skrubu, akaweka ncha za mita kwenye dayodi iliyopasuka. Mita ikalia mfululizo.

"Huyu ndiye mlinzi wa mlangoni. Mtu akigeuza waya za betri, yeye anakufa, fyuzi inakatika, waliomo ndani wanapona. Sasa yeye kafa, sawa. Ila na ndani kumeungua." Alimtazama. "Pa fyuzi uliweka nini?"

"Shemeji, waya zote mbili ni nyeusi."

"Sijauliza rangi. Ukinificha nitapima kimoja kimoja mpaka kesho kutwa, na Seu Adauto hatatusubiri. Ukisema, najua pa kuanzia."

Josenildo alikunja kofia yake, akaikunjua.

"Msumari."

"Wa ukubwa gani?"

"Inchi tatu."

Edileuza aliandika kwenye daftari: msumari, inchi tatu. Hakucheka. Josenildo aliona afadhali angecheka.

Basi akaanzia pale umeme unapoingilia. Aliing'oa ile dayodi, akaweka nyingine. Transista mbili zilikuwa zimeungua. Akazing'oa, akachomelea nyingine alizozitoa kwenye amplifaya mbovu iliyokuwa rafuni. Kisha akapitisha waya wa chanya kwenye balbu ya taa ya gari kabla haujafika kwenye amplifaya.

"Ikiwaka kwa nguvu, bado kuna shoti. Ikififia, tumepona."

Balbu iliwaka kwa nguvu, wakaonana hadi matundu ya pua. Edileuza akazima, akapima tena, akakuta transista ya tatu. Akaibadilisha. Safari hii balbu ilimulika, ikafifia, ikalala.

"Upande wa kulia umekufa," Edileuza alisema baada ya kuunganisha spika. "Vipuri vyake viko Campina Grande, vitafika Alhamisi."

"Watu wa kulia je?"

"Geuza gari, watakuwa kushoto."

Ndivyo alivyofanya. Kila mtaa aliupanda akitangaza, akageuza mwishoni, akaushuka akitangaza. Waliokuwa kulia walisikia kwanza kwa mbali, kisha kwa nguvu. Kufika mtaa wa tatu, watu walikuwa wanaulizana huyo marehemu wa pili ni nani. Wakavaa, wakaenda kuhakikisha.

Makaburini hapakuwa na pa kuweka mguu. Mjane, Dona Zulmira, alimshika Josenildo mkono.

"Nimekusikia, mwanangu. Umempitisha mara mbili kila mtaa. Hata padri hajawahi kufanyiwa hivyo."

Josenildo alitazama kofia yake.

"Alistahili, mama."

Nyuma yake, chini ya mwavuli, Edileuza alikohoa kidogo, akajisogeza kumpisha aliyebeba shada.