Mgeni Asiyepiga Hodi

Katika picha ya kwanza mgeni alikuwa mdogo kama kokwa ya tende. Amekaa juu ya mkeka katika chumba cha upande wa kulia, mgongo ameupa ukuta, mikono magotini, uso hana. Nyumba nzima imemzunguka na wazimu wake: mtende umeota kitandani na mizizi yake ni vidole, maji ya falaji, ule mfereji wa mashamba, yanapanda ngazi, mbuzi amesimama kizingitini, na mahali pa uso wake pana kufuli. Ukishughulika na mbuzi, mgeni humwoni. Mie nilimwona kwa sababu ndiye niliyekuwa nikilaza karatasi nyembamba baina ya picha na picha, na jicho la mshonaji huona uzi mmoja uliotoka.

Mchoraji alikuwa mdogo wangu, Nadhir. Wenye elimu wana jina la sanaa yake, refu, lanishinda kulitamka. Mie nikiziita picha za ndoto. Alipopindukia miaka sabini aliacha rangi, akarudi kwenye kazi aliyojifunza ujanani: kukwaruza bamba la shaba kwa sindano ya chuma, kulitia kwenye tindikali ili mikwaruzo ile iingie ndani, kulipaka wino, kisha kulibana na karatasi kwenye mashine. Picha kumi na mbili, jalada moja. Kwa miaka miwili alifanya majalada matatu, na vitambaa vya majalada yote nilishona mie, nyumbani kwangu hapa Ibra, na utepe wa kufungia nikautia mie.

Sisi wawili tulizaliwa Unguja, ng'ambo ya bahari, na tangu utotoni jambo zito hatukuambiana kwa maneno ya kawaida. Tulitegeana vitendawili. Mume wangu alipokufa nilimpigia Nadhir simu nikamwambia, "Taa ninayo, mafuta ninayo, utambi sina." Hakuuliza. Alikuja usiku ule ule.

Na mchezo una sheria yake. Ukishindwa, unatoa mji. Mtegaji anaupokea, anausafiri kwa maneno, anajisifu alivyokaribishwa huko, ndipo anakupa jibu. Mie sikuwahi kutoa mji. Nadhir kasoma mpaka nchi za watu; mie niliishia darasa la nne. Vitendawili ndivyo vilivyokuwa shahada yangu.

Siku nilipofunga utepe wa jalada la kwanza, alikuwa amekaa kwenye kigoda, anajifuta wino.

"Kitendawili, Da Khole."

"Tega."

"Mgeni wangu hakupiga hodi. Nakula mimi, ananenepa yeye."

"Kupe."

"Siye."

"Kivuli."

"Kivuli kinakula nini, dada? Toa mji."

"Mji wangu huupati, kijana. Utangoja mpaka meno yakutoke."

"Yamebaki manne," akasema. "Sitangoja sana."

Tukacheka, nami nikaenda zangu. Sikujua kuwa kabla hajaanza jalada lile alikuwa amekwenda Nizwa, peke yake, na bahasha kubwa ya hospitali ameilaza chini ya mabamba yake ya shaba. Kila nilipokuja kuchukua karatasi, nilikuwa nikipita karibu nayo. Lau ningempa mji siku ile. Hilo ndilo nililobaki nalo, na halina utepe wa kulifungia.

Katika jalada la pili mgeni alikuwa mkubwa kama mtoto wa miaka saba. Sasa yumo kwenye kiti, chumba kile kile cha upande wa kulia, chini ya boriti, na sahani imewekwa mbele yake. Mtende wa kitandani umeanza kunyauka. Mbuzi hayupo.

Picha zikatundikwa Nizwa, katika nyumba ya zamani iliyotengenezwa iwe ya maonyesho. Bibi mmoja msomi, Wijdan, akasimama mbele ya watu akaeleza kwamba mgeni ni ghurba, ni machungu ya watu waliohama, nyumba mbili katika moyo mmoja. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mie nikamtazama Nadhir. Alikuwa akitazama miguu yake.

Mjukuu wangu Lamees, aliyetuendesha siku ile, Kiswahili chake kinachechemea, lakini jicho lake halichechemei. Alinivuta mkono. "Bibi, hii mtu kwanza ilikuwa dogo. Wallah, sasa imekuwa kubwa. Mimi naogopa."

"Picha tu, mama."

Njiani kurudi, milima ikitembea na sisi upande wangu, nikageuka kiti cha nyuma. "Nimepata," nikamwambia Nadhir. "Mimba."

Aliegemeza kichwa kwenye kioo cha dirisha.

"Umekaribia, dada. Ila huyu hazaliwi." Kisha, taratibu, kama mtu anayeomba maji: "Toa mji."

"Sitoi."

Nilikuwa nimefika mlangoni mwa jibu kabisa, mguu ndani mguu nje, nikarudi nyuma. Nikikumbuka sasa, kilichonirudisha hakikuwa kiburi peke yake. Nilikuwa kama mtu aliyekanyaga kitu laini gizani, hataki kuwasha taa akione.

Nadhir akaingia jalada la tatu. Mgeni amelala kitandani, amejifunika mpaka kifuani, ananenepa. Mwenye nyumba yuko nje, dirishani, anachungulia kwake mwenyewe. Na kanzu ya Nadhir ilikuwa ikimning'inia mabegani kama imetundikwa msumarini.

"Umeazima ya nani hiyo?" nilimtania.

Kila Jumatano nilipotoka soko la wanawake nilimpitishia samli, asali, halua. Pale mwanamume haingii, kwa hivyo ilikuwa lazima nimweleze: nani kagombana na nani, nani kauza udi wa kuchanganya. Alicheka na kula, nami nikifurahi kuona sahani tupu. Nilimlisha. Mungu anisamehe, nilimlisha kwa mkono wangu.

Kazi yangu nyingine, mbali na sindano, ni kuosha wanawake waliokufa. Mwoshaji hasemi alichokiona. Kwa hivyo yule niliyemwosha asubuhi ile ya Rajabu simtaji. Nilimwinua kidogo, nikapitisha kiganja tumboni, taratibu, kama inavyotakiwa, na upande wa kulia, chini ya mbavu, mkono wangu ukagonga kitu. Kigumu, kimetulia. Kimekaa kama mwenyeji.

Maji yakaendelea kumiminika. Nikaona boriti za dari katika picha za Nadhir, kumi na mbili huku na kumi na mbili huku. Nilizihesabu mara ngapi, nikidhani ni dari? Nikaona madirisha mawili juu, mlango mmoja chini yake. Nyumba ile haikuwa Unguja, wala haikuwa Ibra; ilikuwa yeye mwenyewe.

Nilimaliza kazi yangu sawasawa, maiti ana haki yake. Kisha nikamwambia Lamees anipeleke kwa Nadhir.

Picha kumi na moja zilikuwa zimetundikwa kwenye kamba zikauke. Yeye ameinamia bamba la kumi na mbili.

"Leo si Jumatano," akasema bila kuinua kichwa.

"Nimekuja kwa kitendawili chako."

Akaweka sindano chini. "Umejua."

Macho yake yalikuwa ya mtoto aliyejificha mno, akachoka, akatamani aonekane. Jibu nilikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi. Ningelisema, ningeshinda, kama nilivyoshinda miaka sitini. Naye angetikisa kichwa akarudi kwenye bamba lake, na neno lile lingekuwa limetoka kinywani mwangu, si mwake.

"Sijui," nikasema. "Nakupa mji."

Hakuamini. "Wewe?"

"Mie."

"Mji gani?"

"Ibra."

"Ibra nakaa. Utanipaje changu?"

"Sur."

"Sur nina wakwe. Sina raha nako."

"Basi chukua Nizwa."

Hakucheka. Alichukua kitambaa akajifuta wino kidole kimoja kimoja. Lakini sheria ni sheria: aliyepewa mji lazima ausafiri.

"Nimekwenda Nizwa," akaanza, kwa sauti ile ile ya barazani kwetu tulipokuwa wadogo. "Nikafika, nikapokewa. Nikapewa kiti, nikavuliwa kanzu. Nikalazwa ndani ya mashine, kama bamba." Akaugusa ukingo wa bamba lililokuwa mbele yake. "Daktari akaniambia, katika ini lako pana kitu, kidogo, kama kokwa ya tende. Tukikate upesi. Nikasema nitarudi. Nikatoka nje, Da Khole, nikaogopa kisu. Nikajiambia: Khole hajashindwa hata siku moja. Akijua, nitakwenda."

"Na nisingejua?"

"Ungetoa mji, ningekwambia." Akatazama picha zilizotundikwa. "Nilisahau kuwa wewe na mimi ni titi moja, ukaidi mmoja."

Siku ya pili Lamees alitupeleka Nizwa. Daktari aliweka picha za ini, mpya na ya zamani, kwenye taa, akazitazama, akatutazama sisi wazee wawili, akauliza kwa Kiarabu: mlikuwa mnangoja nini?

Aliishi miezi minne. Aliiwahi picha ya kumi na mbili: kiti kitupu, mkeka umekunjwa, mlango wazi, na humo ndani hayupo mgeni wala mwenyeji. Desturi ya wachoraji wa shaba, nakala ya mwisho ikishatoka, bamba hukatwa kwa mkwaruzo kutoka pembe hadi pembe lisichapwe tena. Alinipa sindano. "Kata wewe, mkono wangu hauna nguvu." Shaba hulia ikikatwa. Sikujua.

Wanaume walimwosha. Mie nilisimama nyuma ya mlango nikasikiliza maji.

Siku hizi Lamees amependa mchezo. Anakuja Jumatano, ananitegea cha kuku, cha yai, vya watoto wadogo, na Kiswahili chake kile. Hata sentensi hajaimaliza, namwambia, "Nakupa mji."

"Bibi! Hata hujajaribu!"

"Chukua Nizwa," namwambia. "Nenda, kisha rudi uniambie."