Jina Lililobaki Kwenye Mashine

Fundi wa kompyuta alikuwa amelala kifudifudi chini ya meza ya masijala, akipuliza vumbi kwa blowa, huku mkuu wa ofisi amesimama kichwani pake akimhimiza. Malalamiko yalikuwa yaleyale ya ofisi zote zenye kompyuta zilizozeeka: leo programu inafunguka papo hapo, kesho inakaa mpaka chai inapoa. Fundi alishaongeza kumbukumbu, alishafuta takataka kwenye diski, alishavizima vile vijiprogramu vinavyojiwasha bila kuitwa. Mashine zikawa safi, na ugonjwa ukabaki palepale.

Mkuu huyo watu walimpachika jina la Bwana Kesho, kwa kuwa kila aliyemwendea na shida alijibiwa kesho. Akasema hataki hadithi, anataka kazi iende. Fundi akamjibu kwa adabu kwamba ugonjwa unaokuja na kuondoka hautibiwi kwa pupa. Alikuwa na sababu yake ya kutokuwa na haraka. Kiti alichokishika ili ainuke ndicho alichofia dada yake.

Hakuna mtu pale aliyejua kwamba karani wa zamani na fundi huyu walitoka tumbo moja. Dada alikuwa na ugonjwa wa moyo. Aliomba ruhusa akalazwe, Bwana Kesho akamwambia hakuna mwingine anayezijua hizi mashine, avumilie kidogo. Akavumilia. Alikutwa alasiri moja amejiinamia, mkono ungali juu ya kipanya, na kabla mwili haujatolewa Bwana Kesho aliuliza kama ile kazi aliyokuwa akiichapa imehifadhiwa. Fundi aliyasikia hayo msibani, na tangu siku hiyo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Ofisi ilipotangaza kwamba inatafuta fundi, alikuwa wa kwanza kupiga hodi.

Basi akawa anakaa na programu moja tu, anaifungua, anaifunga, anaitazama. Ilipofunguliwa mara ya kwanza asubuhi ilichelewa mno. Mara zilizofuata ilikuja upesi. Watu wakienda kula na kurudi, uchelewaji unaanza upya. Mpaka hapo hakuna ajabu, mashine kuukuu ndivyo zilivyo. Lakini siku za mvua zilichelewa zaidi, na kila zilipochelewa mfagizi alikuta udongo mwekundu sakafuni, akanung'unikia watu wasiojua kupangusa viatu mlangoni.

Fundi akaingia kwenye mipangilio, akakuta kila mashine ingali ikitumia jina la dada yake. Ndiye aliyezipokea zilipoletwa, akajiandikisha kuwa mwenyewe, na ofisi nzima ikazoea kuingia kwa jina lake na neno lake la siri, lililobandikwa chini ya kibodi. Alipokufa walimwondoa kazini siku ileile ya mazishi. Kwenye mashine wakamsahau.

Asubuhi moja yenye manyunyu fundi alibonyeza programu, kwa mara ya kwanza akaipa skrini kisogo, akautazama mlango. Kiduara kikazunguka kwenye skrini. Chai ya karani mpya ikapoa. Hatimaye mlango ukasukumwa, dada akaingia na lile gauni la bluu alilozikwa nalo, viatu kavishika mkononi kwa sababu ya tope, anahema. Akaweka kiganja juu ya mashine, na programu ikafunguka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona umekonda?"

Fundi akamuuliza kama ni kweli anatoka makaburini kwa miguu.

"Nitatoka na nini? Wakibonyeza, naitwa. Wakinikuta bado nipo hapa, afadhali. Nikishafika kule nikasema nijinyooshe, naitwa tena. Na moyo wenyewe ndio huuhuu."

Karani mpya, mjamzito wa miezi mingi, alimsogezea kiti kama alivyozoea kumsogezea. Siku zote alidhani ni mtu wa makao makuu.

Fundi alihisi hasira ikimpanda mpaka utosini. Akasema atalifuta hilo jina sasa hivi, dada arudi akapumzike jumla. Dada akawa anajipangusa nyayo taratibu kwa karatasi.

"Ukilifuta tu, mashine zitabaki bila mwenyewe. Zinataka mtu wa kumwita." Akainua macho darini; ghorofa ya juu kiti cha Bwana Kesho kilikuwa kikilia. "Mweke yeye."

Fundi akamweka yeye. Mashine zote, kwa jina lake kamili na cheo chake. Aliifanya kazi hiyo kwa raha ambayo hakuwahi kuionja tangu msiba, na hakujilaumu hata chembe. Dada akavaa viatu, akamuaga, na udongo mwekundu haukuonekana tena sakafuni.

Siku hiyohiyo miguu ya Bwana Kesho ilisimama yenyewe, ikamshusha ngazi, akaweka kiganja kwenye mashine ya masijala, akapanda tena. Kabla hajakaa, ikamshusha. Makarani waliowahi kazini walimwita akiwa bafuni, akafika na povu masikioni. Walimwita kutoka mezani na tonge mkononi. Jumamosi moja mtu alikuja kumalizia kazi yake, na Bwana Kesho akatoka kwenye harusi ya binti yake, akavuka mji kwa miguu na suti yake mpya, akarudi na kukuta wageni wameshatawanyika. Watumishi walisema mkuu siku hizi anajituma. Yeye akapungua mpaka mkanda ukatobolewa matundu mapya.

Akamwita fundi.

"Kuna kitu umekifanya."

"Ndiyo, mkuu. Sasa mashine zina mwenyewe aliye hai."

"Nitoe humo."

"Hakuna mwingine anayezijua hizi mashine," fundi alisema. "Vumilia kidogo."

Bwana Kesho alimkazia macho. Fundi akaona kwamba maneno ameyatambua kuwa ni yake, ila hakumkumbuka aliyeambiwa. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Alikuwa akifungasha bisibisi zake masijala pale karani mpya alipobonyeza programu na Bwana Kesho akashuka, jasho likimtiririka. Karani akamwomba ruhusa. Alisema daktari amemwonya, damu yake imepanda, inatakiwa alale mpaka ajifungue.

"Mimi mwenyewe sipumziki, utapumzika wewe?" Bwana Kesho alisema, kiganja kikiwa bado juu ya mashine. "Na nani mwingine anaijua hii kazi? Kesho tutaona."

Akapanda ngazi. Fundi alibaki na bisibisi mkononi. Alikuwa ameamini kwamba mtu yule akionja, ataelewa. Ameonja, na alichopata ni kisingizio.

Akaweka mkoba chini. Akachukua boksi la karatasi, akaliweka chini ya meza, akainua miguu ya karani mmoja mmoja na kuilaza juu yake.

"Funga hiyo programu, mama," alimwambia. "Haya, ifungue tena."

Karani akafunga, akafungua. Juu kiti kikalia, viatu vikaanza kushuka. Akafunga, akafungua. Miguu ya karani ilikuwa imevimba mpaka kandambili zinamkata, na kesho alitakiwa awepo kazini asubuhi na mapema.