Ukuta wa Upande wa Ziwa

Ukijenga nyumba Goma bila kumuuliza Edmond Bashige, watu watataka kujua mlikosana nini. Duka lake la vifaa vya ujenzi liko mtaa wa Majengo, na ushauri wake ni wa bure, tena mwingi kuliko unaoutaka. Atakuambia bati jembamba usilinunue, maana moshi wa volkano hushuka pamoja na mvua na kulitafuna mpaka uhesabu nyota ukiwa kitandani. Atakuambia msingi uupandishe kwa mawe ya lava mpaka magotini, ubao usiguse ardhi, na paa ulitokeze nje ili ukuta usilambwe na maji. Kwenye mbao ndipo hana mzaha kabisa: nunua libuyu, ule mti mwekundu wa misitu ya Walikale, uukaushe, uupake vidange, yaani oili chafu ya magari, kisha nenda ukalale. Mkaratusi mbichi, kwake, ni kuni za kuchemshia maharage.

Mtu huyohuyo, na maneno yake yote hayo, ndiye aliyempigia mama mkwe wake ukuta wa mkaratusi mbichi.

Wala hakukosa uwezo. Mama Clotilde alipofiwa na mumewe kule Kabare, binti yake Gisèle, mke wa Edmond, aliomba mama aletwe karibu. Edmond akanunua kiwanja kidogo Lac Vert, mtaa wa kando ya ziwa, akanunua na libuyu ya kutosha nyumba nzima. Lakini mbao zilishushwa kwanza uani kwake Majengo, na hapo ndipo macho yalipomponza. Alitazama mbao zile nyekundu, akatazama na baraza yake iliyochakaa, ambayo wateja waliiona kila siku kabla ya kuona bidhaa. Akajiambia: ukuta wa nyuma nani atauona? Nyuma ni chumba cha kulala cha mama mkwe, na kwao Bushi, nchi ya Kabare, mkwe mwanamume hakanyagi chumba hicho hata nyumba ikiungua. Akajiona mjanja. Heshima aliyofundishwa na wazazi wake akaigeuza pazia la kujifichia.

Fundi wake, Honoré, mtu wa Masisi waliyefanya naye kazi miaka mingi, aliunusa ule mkaratusi kabla hajaupima.

"Papa Edmond, hii mbao iko mubichi. Na huu upande njo mvua ya ziwa inapigaka."

"Paka vidange. Yote itakuwa nyeusi tu."

"Vidange haikaushake mbao. Inafungia maji ndani."

"Honoré, piga misumari."

Honoré akapiga. Nyumba ikasimama nyeusi, inang'aa, sura moja pande zote nne. Padri akaja akainyunyizia maji ya baraka. Mama Clotilde akashika mikono ya Edmond mbele ya watu, akamwita mtoto wa tumbo lake. Edmond akainamisha kichwa, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

Tangu hapo mvua ikawa adui yake. Mawingu yakikusanyika juu ya Ziwa Kivu, alimwacha mteja akiongea peke yake, akatoka nje kuangalia upepo unavuma kwenda wapi. Jumapili baada ya misa yeye na Gisèle walikwenda kumsalimia mama mkwe, wakaketi chumba cha mbele, chenye kuta za libuyu kavu kama mfupa.

"Nyumba inaendelea, mama?"

"Inaendelea muzuri, Papa Mapendo. Mungu akuongeze."

Alimwita hivyo kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kama inavyostahili. Kisha alikohoa, akafunika mdomo kwa pembe ya kitenge, akaomba radhi kwa kukohoa mbele ya mkwe. Kikohozi kile Edmond alirudi nacho Majengo kila Jumapili. Alijua kilikotoka.

Mama mkwe hamlalamikii mkwe wake. Ilibidi Gisèle ndiye aseme, siku moja alipotoka Lac Vert na kandambili zenye matope.

"Mama alinikataza kukuambia," alisema. "Ukuta wa nyuma umeoza. Kitanda alikisukuma katikati ya chumba. Huyo Honoré alitubadilishia mbao, Papa Mapendo. Lakini nimeshaambia bamama ba shirika la kanisa, hakuna mutu atamupatia tena kazi."

Hapo Edmond alikuwa na mdomo wa kukiri, na maneno yalikuwa machache tu. Badala yake Edmond Bashige, mshauri wa mji mzima, alisema, "Mafundi ba siku hizi njo vile." Akachukua kofia yake akatoka.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yake aliirefusha kwa mgongo wa mtu mwingine. Alimwona Honoré wiki ile amesimama na wabeba mizigo, mfuko wa vifaa ubavuni, na wanawake wa shirika wakimpita bila salamu. Honoré alimpungia mkono kama kawaida. Edmond alitamani amtukane. Matusi yangemfaa, angeyajibu hata kwa hasira. Salamu ile hakuwa na pa kuiweka.

Kesho yake asubuhi aling'oa baraza yake. Aliing'oa mwenyewe, ubao baada ya ubao, wateja wakimwangalia, na Gisèle alipouliza kuna nini alijibu kwamba anabadilisha. Akapakia mbao kwenye gari la mizigo, akaenda kwa Honoré.

Honoré alizunguka gari, akapitisha kiganja juu ya ubao wa libuyu. "Hii ni ya baraza."

"Njo yenyewe."

"Nitakuja," alisema Honoré, akiingiza nyundo mfukoni. "Lakini uniambie kintu kimoya, Papa Edmond. Mimi nimekuwa mwizi juu ya makosa ya nani?"

Edmond aliwasha gari.

Walifika Lac Vert mawingu yakiwa bado mbali. Hawakuingia ndani, walizunguka nyuma. Ubao wa kwanza haukungoja nyundo. Edmond aliushika kwa mkono ukamegeka kama mkate uliolowa, nje mweusi unang'aa, ndani uji. Wa pili vilevile. Nyuma yake hapakuwa na giza la chumba kama alivyotarajia. Palikuwa na kitambaa.

Alikitambua. Kilikuwa kitenge cha mahari, kile alichompelekea Mama Clotilde siku ya kumwomba Gisèle, cha kuvaliwa Krismasi na Pasaka tu. Kilikuwa kimepigiliwa ukutani kwa ndani, pindo hadi pindo, ili kuzuia maji, na maua yake yalikuwa yameliwa na ukungu. Upepo wa ziwa ukakinyanyua. Mama Clotilde alikuwa amekaa kitandani katikati ya chumba. Akajivutia nguo kichwani haraka, na Edmond akageuza uso, amechelewa.

"Papa Mapendo, usiangalie huku," alisema bibi kwa sauti ya chini. "Sikukuambia, kwani fundi alishakuibia. Sasa mimi nikuongezee haya ingine? Na huyo mwizi unamurudisha hapa ya nini?"

Honoré aliacha kung'oa misumari. Hakumtazama bibi. Alimtazama Edmond, akangoja.

"Mama," alisema Edmond, uso ukiwa bado upande wa ziwa. "Honoré hakuiba. Alinikataza. Mbao yako niliipiga ku baraza yangu. Huku nilijua sitaingia."

Kitenge kilipigapiga ukutani.

"Ulijua mvua inatokaka upande gani?"

"Nilijua, mama."

Bibi akakohoa. Safari hii hakuomba radhi.

"Basi fungeni ukuta. Na siku ya shirika utakuja weye mwenyewe, si Gisèle. Utasema mbele ya bamama vile umesema hapa."

"Nitakuja."

Walifanya kazi mpaka mchana, libuyu nyekundu ikipanda ukutani. Bibi akatoka jikoni na sahani za ugali na kuku, akawawekea juu ya jiwe. Kwao firigisi ni ya mkwe, haigawiwi, na kumnyima mkwe firigisi ni neno zito ambalo ukoo mzima unaweza kukaa kulijadili. Mama Clotilde aliichukua kwa vidole vyake, akaiweka kwenye sahani ya Honoré.

Honoré aliduwaa. "Mama, hii ni ya mukwe."

"Leo mukwe hayuko hapa," alisema bibi. "Kuko mafundi babili, na mukubwa ni weye. Kula."

Honoré akala. Edmond akanawa, akavuta bawa lililobaki, akalitafuna polepole huku mama mkwe wake amesimama akimwangalia. Alipomaliza alishukuru, akaokota nyundo akarudi ukutani, maana sehemu ya juu ilikuwa bado wazi na mvua ilikuwa imeshafika katikati ya ziwa.