Maji ya Mstarini

Mama Nikeli hakuwa mtu wa kudamka, na wala hakuona haya kusema hivyo. Karakana yake ya kupaka vyuma nikeli na kromu ilifunguliwa kila siku na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Mwenyewe alifika jua limeshapanda, ananukia sabuni, anauliza chai iko wapi. Lakini Ijumaa ile usingizi ulimpaa. Alasiri wakala wa bima alikuwa anakuja kumalizia mambo, na bila bima hiyo watengenezaji wa vitanda vya hospitali wasingempa kazi yao. Kazi za mabomba ya bafuni na mikono ya baiskeli zilikuwa zimepungua mpaka mafundi walikuwa wanacheza karata mchana. Basi akajitupia mtandio, akaenda karakana mapema.

Alimkuta shemeji yake uani, ameondoa kifuniko cha tangi la maji machafu, ameshika mpira wa bomba, anamimina maji safi humo ndani.

"Unafanya nini, shemeji?"

"Najaza. Yameshuka tena." Alijibu kama mtu aliyeulizwa kwa nini anafagia.

Tangi hilo marehemu alilichimba mwenyewe ardhini na kulisakafia kwa saruji. Kila chuma kilichotoka kwenye kromu kilisuuzwa, na maji ya kusuuzia, ya njano na yenye sumu kali, yalikwenda humo. Kwenye ukuta wa ndani marehemu alichora mstari mweupe. Maji yakifika kwenye mstari huingia bombani yenyewe, yakaenda kwenye mapipa ya dawa, huko sumu ikauawa kabla hayajaachiwa. Kwa hiyo siku zote maji hukaa mstarini, na mtu akiyaona hapo anajua mambo ni salama. Marehemu alipozikwa, Mama Nikeli aliwakusanya mafundi akawaambia, huku analia, kwamba anataka kila kitu kibaki kama mumewe alivyokiacha. Wengine walisikia maneno ya mjane, wakainamisha vichwa. Shemeji mtu alisikia amri.

"Yanashuka tangu lini?"

"Tangu mvua zilipokatika. Mwanzoni kidogo tu, ndoo moja. Siku hizi nafungulia bomba, nakwenda kunywa chai, nikirudi ndiyo yanakaribia." Akatabasamu. "Lakini mstari wa kaka haujawahi kukauka mikononi mwangu. Hata yule mkaguzi wa bima si alisifu?"

Alisifu kweli. Mkaguzi alikuja wiki iliyopita na viatu vyake virefu vya mpira, akachungulia, akayaona maji yametulia mstarini kama mtoto mwenye adabu, akasema laiti karakana zote zingekuwa hivi. Mama Nikeli alimpa soda. Sasa alishika ukuta. Maji hayashuki bure. Tangi limepasuka, na miezi yote hii shemeji yake, kwa utiifu wake wote, amekuwa akiisukuma sumu iende ardhini kwa maji safi.

Iende wapi? Hilo nalo hakuhitaji kuuliza. Karakana iko juu ya mwinuko. Chini yake, ukuta kwa ukuta, iko nyumba ya Mama Pindo, fundi cherehani, shoga yake tangu wote wawili wakiwa na viuno vyembamba. Na uani kwa Mama Pindo kuna kisima cha pampu ya mkono, maji baridi, matamu, ambayo uchochoro mzima huyakimbilia mabomba yakikauka.

"Funika," alisema Mama Nikeli.

"Nisimalizie kujaza?"

"Zima maji, funika! Leo na kesho hakuna kupaka wala kusuuza. Waambie mafundi umeme una hitilafu. Na hili usimwambie mtu mpaka Jumatatu. Wewe hukuona, mimi sikuona."

Shemeji aliutazama mpira uliokuwa bado unachuruzika mkononi mwake, na taratibu uso wake ukabadilika. Hakuwa mjinga. Alikuwa mtiifu tu, na utiifu ukizidi hufanana na ujinga. "Shemeji," alisema, "na watu wa chini?"

"Mpaka Jumatatu, nimesema."

Wakala wa bima alifika alasiri, tai shingoni, jasho kwapani, maneno tele mdomoni. Alikuwa mchangamfu, na siku nyingine Mama Nikeli angemcheka. Alieleza tena, kwa kituo, nini kinanunuliwa. Sumu ya karakana ikitoroka ikaharibu maji au ardhi ya watu, kampuni ya bima italipa kusafisha, italipa matibabu, italipa mawakili. Bima inaanza kazi Jumatatu saa sita mchana. Lililotokea kabla ya hapo, au lililojulikana kabla ya hapo, si lao.

"Bima ni mwavuli, mama," alisema wakala. "Haununuliwi ukishalowa."

Akacheka mwenyewe. Kisha akaweka uso wa kazi. "Swali moja la mwisho, nalazimika kuuliza. Tangu mkaguzi wetu alipokuja, kuna lolote lililobadilika? Tangi kuvuja, jirani kulalamika?"

 Akilini Mama Nikeli aliwaona mafundi wake wakirudi nyumbani na vifurushi vya nguo zao za kazi. Aliiona nyumba ikiuzwa, ile aliyojenga na marehemu tofali kwa tofali. Akamwona binti yake, aliyerudi kwa mama kusubiri mtoto wa kwanza, akijifungulia kwenye chumba cha kupanga. Wewe unayesoma usiwe mwepesi wa kumhukumu. Hofu ikimkalia mtu kifuani humpa sababu nzuri nzuri za kila jambo.

"Hakuna," alisema.

"Safi sana. Maana siku ya kudai, kabla hawajakuuliza hasara ni kiasi gani, watakuuliza: umejua lini? Hapo ndipo wengi huanguka." Wakala alifunga mkoba wake, akashukuru kwa chai.

Jioni ile Mama Nikeli alinunua madumu ya maji ya dukani, akayapanga jikoni, akamwambia binti yake kwamba mjamzito asinywe maji mengine yoyote, siku hizi matumbo yanasumbua watu. Binti alinusa kikombe, akakunja uso. Mimba ilikuwa imemfanya mchaguzi. Hata sabuni ya mama yake ilimtia kichefuchefu.

"Yananuka plastiki."

"Kunywa hivyo hivyo, mwanangu. Usiniongezee presha."

Binti akanywa mafunda mawili mbele ya mama yake, na mama akashusha pumzi. Angalau huyu yuko salama, alijiambia. Mengine yatajulikana Jumatatu. Jumatatu alasiri angetoka mbio uani, apige kelele kwamba tangi limepasuka, aite gari la kunyonya maji machafu, ampigie wakala, na kampuni ingeyasafisha yote, kisima cha Mama Pindo kwanza. Siku tatu tu. Watu wameyanywa miezi, siku tatu zitaongeza nini? Funika kombe mwanaharamu apite. Alilirudia neno hilo moyoni mpaka likapoteza maana.

Jumamosi asubuhi Mama Pindo aliingia bila kubisha, kama kawaida yake, kitambaa cheupe mkononi.

"Hebu nitazamie hiki, shoga. Cha gauni la bibi harusi hiki. Nimekiroweka jana nikitoe wanga, leo kimeanikwa naona kama kimepiga njano. Au macho yangu ndiyo yamezeeka?"

Mama Nikeli alikipokea kitambaa. Macho ya Mama Pindo hayakuwa na tatizo lolote. Ilikuwa njano hafifu, njano ambayo mtu mwingine angeiita uchafu au jua, lakini yeye alikuwa ameishi na rangi ile nusu ya maisha yake. Alikuwa ameifua kwenye mashati ya mumewe. 

"Sabuni," alisema.  "Sabuni za siku hizi ni takataka."

"Ndivyo nilivyosema mimi! Na mjukuu wangu ananiambia, bibi, maji yana ladha ya msumari. Nikamwambia, wewe msumari umeuonja wapi?" Mama Pindo akacheka mpaka mabega yakatikisika, akachukua kitambaa chake. "Na wewe una nini? Umepauka kama umeona maiti."

"Sijalala vizuri."

"Joto. Nitakuletea ndimu."

Mlango ulipofungwa, Mama Nikeli alikaa sakafuni jikoni, kati ya madumu, akajiziba mdomo kwa mtandio. Aliogopa. Aliogopa kisima, akaogopa Jumatatu, akamwogopa wakala na tai yake, lakini kilichomtisha kuliko vyote ni jinsi neno "sabuni" lilivyomtoka kwa wepesi. Alinyanyuka mara mbili aende kusema. Mara ya kwanza alifika mlangoni. Mara ya pili alishuka mpaka kwenye ukuta wa Mama Pindo, akasikia pampu ikilia, kwii kwii, na mtoto akiimba huku anaipiga, akarudi. Kesho kutwa tu, alijiambia. Akakaa tena na saa yake ya ukutani, ambayo siku ile ilikuwa imekaza shingo haitaki kwenda.

Jumapili jua likiwa kali aliamka kutoka kwenye usingizi mbaya wa mchana, akakuta nyumba kimya. Aliita. Chumba cha binti kilikuwa kitupu. Jikoni, dumu alilofungua Ijumaa lilikuwa limejaa karibu mpaka shingoni. Alilitazama dumu lile. Alijaribu kukumbuka kama amemwona binti yake akinywa tangu yale mafunda mawili, asikumbuke hata mara moja.

Hakuvaa viatu. Alishuka mwinuko mbio, yeye na umri wake, mtandio unaburuzika nyuma. Geti la Mama Pindo lilikuwa wazi. Kwenye kivuli cha ukuta, kitini kando ya cherehani, binti yake alikuwa ameketi, miguu kwenye beseni la maji, mkono juu ya tumbo, glasi kubwa mdomoni. Ndani ya glasi kulikuwa na kipande cha ndimu. Maji yalikuwa na rangi kidogo, na Mama Nikeli, ambaye aliijua njano ile kuliko mtu yeyote uchochoroni, hakuweza kujua hiyo ni ya ndimu au ni ya karakana yake.

"Usimgombeze," Mama Pindo aliwahi kusema, akiinuka. "Anakuja kwangu kila siku, masikini, maji yenu ya dukani hayamkai. Haya ndiyo yanayomtuliza. Maji aliyolelewa nayo..."

"Mwaga!"

"Mama?"

Aliipiga ile glasi kwa kiganja, ikaruka, ikavunjikia kwenye saruji. Akamtoa binti yake miguu kwenye beseni kwa nguvu, akalipindua.  "Usinywe. Mtu asinywe. Tangi langu limepasuka, sumu imeingia kisimani. Ilikuwa inashuka huku, mpaka... Mtu yeyote asiyaguse haya maji."

Kisha akatoa simu, akampigia shemeji yake hapo hapo. "Ita gari la kunyonya. Leo. Sasa hivi. Halafu pita mlango kwa mlango." Hakungoja jibu.

 Mama Pindo aligeuka polepole, akatazama kamba ya nguo ambako kile kitambaa cha bibi harusi kilikuwa kimeanikwa upya baada ya kufuliwa na sabuni nyingine. Kilikuwa cha njano zaidi. Alikitazama sana. Alipomgeukia shoga yake, hakuwa na hasira bado. Alikuwa na uso wa mtu anayepima nguo na vipimo havikubali.

"Umejua lini?"

Lilikuwa swali lile lile la wakala, na jibu lake alikuwa ameshaliandaa. Leo. Sasa hivi, nimeona tu, nikakimbia. Miguu mitupu ingemtolea ushahidi. Lingemfaa kwa kampuni ya bima na lingemfaa kwa shoga yake, na shemeji mtiifu asingemsaliti. Alifungua mdomo, akamwona binti yake amelishika tumbo kwa mikono miwili, anamtazama.

"Ijumaa," alisema.

"Ijumaa," binti alirudia, taratibu. "Ndiyo maana ukaninunulia maji."

 Mama Nikeli alitaka Mama Pindo amtukane, amrushie kitu, aite watu. Angeweza kulivumilia hilo. Lakini Mama Pindo hakumpigia kelele hata kidogo. Alikanyaga vipande vya glasi kwa ndala zake, akaenda mpaka mlangoni, akamwita mjukuu wake atoke nje. Akachuchumaa mbele yake, akamshika mabega, akamuuliza kwa sauti ya upole kabisa, tangu Ijumaa ile amekunywa maji ya kisimani vikombe vingapi.

Mtoto alidhani ni mchezo. Akanyoosha vidole vyake, akaanza kuhesabu.