Wembe Mpya Unakwaruza

"Nani amemnyoa huyu mama?"

Daktari Barzaga aliuliza akiwa ameshika pindo la shuka, na wodi nzima ya wanawake ikageuza shingo. Chini ya kitovu cha Mama, pale pale alipopaswa kupasuliwa asubuhi ile, ngozi ilikuwa imetutumka vipele vyekundu, na katikati ya vipele kulikuwa na mikwaruzo iliyoganda damu. Nesi Mirtha akajibu kwamba ni yeye aliyemnyoa, jana jioni, kwa wembe mpya ulioletwa na familia, na karatasi yake aliichana kwa mkono wake mwenyewe.

"Wembe mpya haumfanyi mtu hivi," daktari akasema. Akamfunika Mama taratibu. "Sipasui juu ya vidonda. Vijidudu vitaingia ndani, halafu mtakuja kuniuliza mimi. Arudi nyumbani apone ngozi. Mleteni anayefuata."

Mimi nilikuwa nimesimama na feni yetu mkononi, waya umenizunguka miguuni. Nikamgeukia Baba. Baba alikuwa anatazama dirishani, na nje hakukuwa na kitu isipokuwa ukuta. Hapo hapo nikajua.

Sasa nina umri aliokuwa nao Mama siku ile, na kila nikisimulia damu bado inanichemka. Maana baba yangu, Evelio Pompa, hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningepumzika.

Alikuwa fundi wa kukereza vyuma kwenye kiwanda cha sukari, na alipostaafu akahamishia akili yake yote kwenye nyembe za kutumia na kutupa. Pale mjini kwetu Bayamo hakuna aliyezitupa, bila shaka. Dukani zilionekana kwa nadra kama mvua ya Januari, na zetu zilitoka kwa kaka yangu Leonel, aliyehamia ng'ambo, Tampa. Lakini watu wengine walizitumia tu, wakalalamika, yakaisha. Baba alizisomea. Wenye makali matatu aliudharau, eti nywele zinakwama katikati kama takataka kwenye mfereji. Alitaka wenye makali mawili, ulio wazi kwa nyuma, maji yapite. Aliuinua kwenye mwanga, akafumba jicho moja, akauzungusha, utadhani ananunua farasi. Ukiugonga kwenye ukingo wa sinki ili utoe povu, alikutazama kama umempiga mtoto. Unapaswa kuukung'uta, kuukausha, kuupitisha kinyumenyume kwenye suruali nzito ya jinzi, kuupaka tone la mafuta ya cherehani, kisha kuuweka kabatini mbali na mvuke wa bafu. Wembe mmoja ulimtoa mwaka mpya ukamfikisha msimu wa maembe. Majirani walimletea nyembe zao, naye akazipokea kwa heshima, wakamwita fundi, na kichwa kikamvimba.

Tena alikuwa na msimamo wake ambao mtaa mzima ulishausikia. "Mpya unakwaruza," alisema. "Wembe ukitoka kwenye karatasi ni mkali bila adabu. Lazima uufundishe kwanza. Ukishalainika, hapo ndipo unapata utamu wake." Siku moja niliuiba mmoja nikanyolea miguu. Aliushika tu mpini akajua, na nusura aniambie niuombe radhi.

Haya. Hospitali yetu, shuka unaleta, ndoo unaleta, feni unaleta, balbu unaleta, na wembe wa kunyolea mgonjwa kabla ya upasuaji unaleta vilevile. Mama alikuwa na uvimbe kwenye mji wa mimba na damu ilikuwa inamtoka tangu mvua za kwanza. Mara ya kwanza walituambia nyuzi za kushonea hazipo. Mara ya pili maji. Mara ya tatu daktari wa nusukaputi alikuwa amehamia Ekwado. Zamu ilipopatikana, Mama alikuwa mweupe mdomoni, akipanda ngazi ya mlango wetu anashika ukuta. Mirtha alituambia wazi: wembe uwe mpya, ndani ya karatasi yake. Nikamkalia Baba kooni.

"Baba, mpya."

"Mpya," akasema.

Kabatini zilikuwepo mpya, pakiti nzima ya Leonel. Nilikuwa nimeziona kwa macho yangu. Ndiyo maana sikumkagua.

Siku ile zamu ilipopotea nilimvuta mpaka kwenye korido, pale penye machela mabovu.

"Ulimpa Mirtha wembe gani?"

"Mzuri."

"Nimekuuliza mpya?"

"Bora kuliko mpya." Alisema kwa sauti ya chini, bila aibu, kama mtu anayetoa siri ya kazi. "Mpya ungemkwaruza, Nerei, na yeye ana ngozi laini. Ule nilikuwa nimeulainisha kwa ajili yake. Nimeunyolea mimi mwenyewe mpaka ukakaa sawa. Sijawahi kupata wembe mtamu kama ule."

"Na karatasi?"

"Niliirudishia, nikaiziba kwa mshumaa. Yule nesi asingekubali. Hajui."

Nilikosa pa kuiweka mikono yangu. Angekuwa bahili ningejua la kumwambia, maneno ya mabahili yapo tele. Lakini mtu huyu alikuwa ameruka pakiti nzima ya nyembe mpya ili ampe mke wake ule alioupenda kuliko zote.

"Baba," nikamwambia, "wembe ule umezoea uso wako. Pale si usoni kwako."

Alijigusa kidevu. Nadhani ndipo lilipomwingia.

Tulimrudisha Mama kwa gari la farasi. Njia nzima hakumlaumu mtu, na hilo nalo lilinikera. Nyumbani damu ikaendelea. Vipele vilipona upesi, zamu ndiyo haikuonekana. Asubuhi moja alianguka jikoni na sufuria ya maharage, tukampata sakafuni akiomba msamaha kwa maharage yaliyomwagika. Usiku nilimsikiliza akipumua, na upande wa pili wa ukuta nilimsikia Baba naye akimsikiliza.

Baba aliacha kunyoa. Eligio wa nyumba ya pili alikuja na wembe wake kama kawaida, Baba akamwambia mlangoni, "Nimeacha kazi hiyo," akafunga mlango. Ndevu zikamtoka nyeupe, za kuchoma, zikamzeesha mara moja. Nilimwambia ndevu hazimrudishii mtu damu. Lilikuwa neno la kikatili na nililikusudia.

Zamu nyingine ilipopatikana, wembe nilikuwa nao mimi. Nililala nao chini ya mto. Nilimkabidhi Mirtha mkono kwa mkono, tukaukagua wote wawili kwenye mwanga. Baba alisimama koridoni, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani. Walimnyoa Mama asubuhi ileile, wakamwingiza. Tukakaa benchi moja mpaka Daktari Barzaga alipotoka akivua kofia.

"Yuko salama," akasema. "Ila msingeweza kungoja tena. Alikuwa amebakiwa na damu kidogo sana."

Alinitazama mimi alipokuwa anasema, lakini Baba ndiye aliyeinamisha kichwa.

Alasiri Mama alifumbua macho. Alimtazama Baba kwa muda, akaona ndevu zile.

"Nani kamleta huyu babu?" akauliza, sauti imekauka.

Baba akajaribu kucheka, akashindwa.

"Nerei," Mama akasema, "mnyoe baba yako. Ananitisha."

"Nitanyoa nyumbani, Edelmira."

"Hapa. Nikuone."

Nilikuwa na wembe mwingine wa akiba mfukoni. Nikaleta maji kwenye ndoo na kipande cha sabuni ya kufulia, nikamkalisha pembeni ya kitanda. Karatasi niliichana mbele ya macho yake, polepole, aone. Mama alikuwa ameshaanza kusinzia tena.

"Mpya unamkwaruza," akasema, macho yamefumbwa.

"Na umkwaruze," nikajibu.

Nikauvuta wembe mara moja tu, kutoka chini ya jicho kushuka shavuni, na mstari mwembamba wa damu ukafuata nyuma yake. Mkono wangu ukasimama. Nikangoja Baba aniambie lile ambalo ameuambia mtaa mzima maisha yake yote. Nilimngoja kwa hamu, nilikuwa na jibu tayari.

Baba aliipangusa damu kwa kidole, akaitazama, kisha akanigeuzia shavu la pili.